Mwenye Kushika Mbiu ya Taifa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya makatibu wa matawi na vijana, Bagamoyo)

Kikao hiki kimeitishwa kwa sababu ya swali moja lililoletwa na matawi mawili ya pwani hii. Swali lasema hivi: kwa nini chama chetu kisidai kwamba Mkurugenzi Mkuu wa redio ya taifa awe mwanachama wetu hasa, aliyepikwa na chama akaiva, ili redio iseme maneno yetu? Walioleta swali hili si watu wabaya. Ni watu waliochoka kusikia chama kikitukanwa mitaani, wakatafuta kinga. Jibu letu ni fupi, lakini habari zake ni ndefu. Mwenye kiu asione haya, maji yapo mtungini.

Sisi watu wa pwani hatukuanza kusikia matangazo siku ile ilipokuja simu ya upepo. Katika miji yetu ya zamani, likitokea jambo lilipigiwa mbiu. Mpiga mbiu alishika pembe yake, akapita mtaa kwa mtaa, na aliyekuwa akikuna nazi aliiweka mbuzi kando asikilize. Mpiga mbiu huyo alitumwa na jumbe, wala hatusemi kwamba hakumtii. Lakini mji ulimwamini kwa sababu aliposema kuna moto, moto ulikuwapo. Laiti angalipiga pembe kila siku kumsifu jumbe kwa kula vizuri na kulala vizuri, siku ya moto nani angetoka nje?

Serikali ya Mwingereza ilianzisha kituo cha majaribio pale Dar es Salaam mwaka 1951, kikaitwa Sauti ya Dar es Salaam. Baadaye kikawa Sauti ya Tanganyika, na mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika kwa mfano wa lile la London. Katika miaka hiyo hiyo TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa ikikua. Sauti yake haikutoka katika mtambo wa Mwingereza. Ilitoka viwanjani, katika magazeti madogo, na katika vinywa vya wazee kama Sheikh Mohamed Ramiya wa hapa hapa Bagamoyo, ambaye wafuasi wake walimsikiliza kuliko mtambo wowote. Na gharama ya kusema ilikuwapo. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU kuhusu mabwana wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Twawakumbusha haya kwa sababu moja: chama chetu kilishinda bila redio. Walioshika redio ndio walioshindwa.

Sasa tuje kwenye Uhuru. Vijana wengi hudhani kwamba tulipopata Serikali yetu tuliichukua redio siku ya pili. Sivyo. Shirika la mwaka 1956 liliendelea mpaka Julai 1965. Ndipo Serikali ilipolivunja, redio ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ikawekwa ndani ya wizara. Kwa nini? Tazameni kalenda ya mwaka uliotangulia. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea mapinduzi Unguja, na sauti ya John Okello ikavuma kutoka katika redio ya huko, watu wakiisikia hata upande huu wa bahari. Siku nane baadaye askari wa kambi ya Colito waliasi, na miongoni mwa mahali pa mwanzo walipopakamata palikuwa kituo cha redio. Serikali changa iliyoona mambo hayo mawili katika mwezi mmoja haikuweza kuitazama redio kama chombo cha taarabu na salamu tu. Kadhalika mwaka huo wa 1965 nchi ilikuwa ya chama kimoja kwa katiba. Kwa hiyo wale waliofanya uamuzi ule hatuwalaumu kijuu-juu. Walikuwa na sababu, na sababu zao tumezitaja.

Na redio ile ilifanya kazi kubwa. Iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika nafasi ya kusema na watu wao: ANC, FRELIMO, SWAPO, ZANU na ZAPU. Mnajua kwamba FRELIMO ilikuwa na shule yake hapa Bagamoyo. Wale vijana wa Msumbiji waliokuwa wakisoma katika mji wetu, mama zao kule nyumbani walikuwa wakiisikia Dar es Salaam usiku kwa siri, wameifunika redio kwa kanga. Hiyo ni sifa ambayo hakuna atakayetunyang'anya.

Lakini katika miaka hiyo ilijengeka desturi moja. Mkuu wa redio alikuwa mtumishi wa Serikali, na Serikali ilikuwa ya chama. Basi ngazi ya redio na ngazi ya siasa zikawa zimeegemea ukuta mmoja. Mfano wake mzuri ni marehemu Paul Sozigwa. Alianza kwenye kipaza sauti, akapanda mpaka akaiongoza Radio Tanzania, akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere, na mwisho akakitumikia CCM katika vikao vya juu vya maadili. Alifariki mwaka 2017. Waliomfahamu wamesifu uadilifu wake, nasi hatuna neno la kutoa hapo. Kwa wakati wake njia ile ilikuwa njia halali, iliyonyooka, wala hakuna aliyeiuliza. Mpiga mbiu na jumbe walikuwa wa nyumba moja na wote walijua.

Mambo yalibadilika mwaka 1992, nchi ilipokubali vyama vingi. Baada ya hapo zikaja redio na televisheni za watu binafsi, na wasikilizaji wakapata kuchagua. Mtu wa Kerege asiyependa anachosikia hana haja ya kuandika barua; anageuza kitufe tu. Lakini redio ya taifa ilibaki na mkao wake wa kale. Mwaka 1992 tulibadili sheria ya vyama. Desturi ya redio hatukuibadili, na hapo ndipo ulipoanzia ugomvi wote uliofuata.

Sasa tumzungumzie Bwana Tido Mhando, maana habari zake zatufundisha zaidi ya kitabu. Huyu ni mtoto wa Radio Tanzania. Aliingia akiwa kijana, na watu wa umri wa baba zetu wanamkumbuka kwa kutangaza mpira, walipokuwa wakizunguka redio moja watu thelathini kana kwamba ni mchezaji aliyeumia. Akaenda kufanya kazi Kenya, kisha London, katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, idhaa iliyoanza mwaka 1957. Akapanda mpaka akawa mkuu wake. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete, mtu wetu wa Msoga, ambaye mwaka 2005 sisi wa wilaya hii tulisherehekea ushindi wake mpaka ngoma zikapasuka, alimtaka arudi nyumbani aongoze utangazaji wa taifa. Akarudi. Mwaka 2007 ikaundwa TBC, Shirika la Utangazaji Tanzania, lenye redio na televisheni, na Bwana Mhando akawa Mkurugenzi Mkuu wake.

Angalieni jambo hili. Mtu huyu hakuwa katibu wa chama wala hakutoka katika ofisi ya uenezi. Aliitwa kwa sababu ya kazi aliyoijua. Lakini aliyemwita alikuwa Rais, ambaye pia alikuwa Mwenyekiti wa chama. Basi toka siku ya kwanza alikuwa na uhusiano na siasa, apende asipende. Hiyo ndiyo sura ya kazi yenyewe, na hata malaika akikalia kiti kile uhusiano huo utamfuata.

Ukaja uchaguzi wa mwaka 2010. TBC ikafanya midahalo ya majimbo: wagombea wa vyama mbalimbali wakae mbele ya watu wa jimbo lao, waulizwe, wajibu. Wananchi waliipenda. Chama chetu kiliwaelekeza wagombea wake wasiende, na wengi hawakwenda. Uamuzi ule hatuusifu. Mgombea anayeomba kura za watu wa Zinga na hawezi kuketi saa moja akaulizwa na watu wa Zinga, huyo anaomba nini? Kiti kilichobaki wazi mbele ya kamera kilisema maneno mengi kuliko mpinzani yeyote. Mwisho wa mwaka huo mkataba wa Bwana Mhando ulikwisha na haukuongezwa. Barazani, kwenye kahawa, watu wakaunganisha mambo hayo mawili bila kungoja maelezo ya mtu. Hivyo ndivyo ilivyo shida ya kiti kinachotegemea hisani: aliyekikalia akiondoka, hata akiondoka kwa halali, hakuna anayeamini kwamba ni kalenda tu iliyomwondoa.

Aliyeondoka hakukaa bure. Alifanya kazi katika kampuni ya magazeti ya Mwananchi, kisha Azam Media. Januari 2018 akafikishwa katika mahakama ya Kisutu, akashtakiwa kwamba alipokuwa TBC alitumia vibaya madaraka katika mikataba ya mwaka 2008 na kampuni moja ya nje kuhusu matangazo ya dijitali, na kwamba shirika lilipata hasara ya zaidi ya shilingi milioni 887. Januari 2019 mahakama ikamwachia huru. Twarudia, maana mitaani mashtaka hutembea kwa gari na hukumu hutembea kwa miguu: aliachiwa huru. Na mwaka 2023 Serikali hiyo hiyo, kwa mkono wa Waziri wa Habari, ilimpa uenyekiti wa kamati ya kuchunguza hali ya uchumi wa vyombo vya habari. Aitwe, aachwe, ashtakiwe, aitwe tena. Ndugu zetu, mashua inayokwenda hivi haina kasoro ya nahodha peke yake. Usukani ndio haukufungwa vizuri.

Tusiseme mengi juu ya waliofuata, maana yote yafanana. Januari 2016 Waziri wa Habari, Ndugu Nape Nnauye, ambaye muda mfupi kabla alikuwa Katibu wa Itikadi na Uenezi wa chama chetu, alitangaza kwamba TBC haitaonyesha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 4 kwa mwaka. Fedha ni fedha, na mtu aweza kutetea hesabu ile. Lakini kwa kuwa mdomo uliosema ulikuwa juzi tu mdomo wa uenezi wa chama, nani alisikia hesabu? Mwaka huo Rais Magufuli akamteua Dkt. Ayub Rioba Chacha, mwalimu wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuwa Mkurugenzi Mkuu. Mwaka 2017 TBC ilitangaza habari ya uongo kwamba Rais Trump wa Marekani alimsifu Rais wetu, na watumishi tisa wakasimamishwa kazi. Sisi twauliza jambo dogo. Habari ile isingekuwa ya sifa, ingekuwa ya lawama, je, ingepita mezani bila mtu kuipigia simu kuihakikisha? Mtumishi aliyezoea kwamba sifa haina haja ya ushahidi, siku moja atameza ndoana. Na Agosti 2020, pale Zakhem Mbagala, mwenyekiti wa Chadema Freeman Mbowe aliwafukuza watangazaji wa TBC mkutanoni. Kumfukuza mtu aliye kazini ni jambo la aibu, nasi hatulikubali. Lakini wale vijana wa kamera walifukuzwa kwa deni ambalo hawakulikopa wao.

Msidhani kwamba haya ni maradhi ya Mwafrika. Kule kwa Waingereza, ambao wanapenda kutufundisha utangazaji, mwenyekiti wa BBC, Richard Sharp, alijiuzulu Aprili 2023. Huyu alikuwa amekichangia chama cha Conservative zaidi ya pauni 400,000, na ikafunuka kwamba kabla ya kupewa kiti alihusika kumkutanisha mtu na ofisi kubwa ya Serikali katika habari za mkopo wa pauni 800,000 wa Waziri Mkuu Boris Johnson, wala hakulieleza jambo hilo ipasavyo. Basi nao wana majumbe wao na wapiga mbiu wao. Tofauti ni ndogo, lakini ni tofauti: kwao palikuwa na kanuni iliyoandikwa, ya kutaja uhusiano wako kabla ya kukalia kiti, palikuwa na mchunguzi, aliandika taarifa yake wazi, na mtu akaondoka. Hilo ndilo la kuchukua. Mengine tuwaachie wenyewe.

Twarudi nyumbani, maana mnaweza kusema: haya ni mambo ya wakubwa wa Dar es Salaam, sisi wavuvi na wakulima wa mwani yatuhusu nini? Tazameni bandari.

Mwaka 2013, Rais Xi Jinping wa China alipokuja, mapatano ya bandari ya Bagamoyo yalitiwa sahihi. Watu wa Pande na Mlingotini wakafanyiwa tathmini, minazi ikahesabiwa, nyumba zikaandikwa namba. Oktoba 2015 jiwe la msingi likawekwa. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba masharti ya wawekezaji hayakubaliki, akataja dhamana ya miaka 33 na kukodishwa ardhi kwa miaka 99. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akasema mazungumzo yatafufuliwa. Katika miaka yote hiyo, mtu wa Mlingotini mwenye nyumba iliyoandikwa namba alikuwa hajui apige bati jipya au aache mvua iingie. Alipata habari zake wapi? Kwa dereva wa daladala, kwa dalali wa viwanja, kwa mtoto mwenye simu. Dalali alimwambia auze upesi, mradi bandari haiji. Na mnunuzi wa shamba lake alikuwa ameambiwa na dalali yule yule kwamba bandari inakuja.

Hapo ndipo redio ya taifa ilipohitajika. Ilikuwa ipeleke kipaza sauti Mlingotini, imkalishe waziri mkekani pamoja na mwenye minazi, na mthamini awe pale na karatasi zake, na nchi nzima isikilize. Midahalo ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba jambo hili lawezekana. Mitambo ipo, watangazaji wapo, tena hodari. Kilichokosekana ni mkuu anayeweza kupokea simu kutoka juu, ikimwambia "kipindi hicho kiache," akajibu kwa adabu, "Mheshimiwa, kipindi kitakwenda," na kesho yake akaingia ofisini kama kawaida.

Je, mtu wetu aliyepikwa na chama ataweza kujibu hivyo? Ninyi makatibu ndio mnaojua. Mwulizeni kila mmoja moyo wake: akipigiwa simu na mkubwa wa chama, husimama au huketi?

Na liko jambo la pili, ambalo wenye swali hawakulifikiria. Redio inayosema maneno yetu kila saa, sisi wenyewe itatudanganya. Katibu wa tawi atasikia kwamba Pwani nzima ina furaha, ataacha kwenda Pande kuuliza. Wakoloni walikuwa na mtambo uliowaambia kila jioni kwamba wenyeji wametulia. Waliuamini.

Basi jibu letu kwa matawi mawili ni hapana, na badala yake twaleta maombi manne yapelekwe wilayani, mkoani na mbele. Kwanza, mtu aliyeshika cheo cha uenezi au uongozi wa chama chochote, chetu kikiwamo, asiteuliwe mkuu wa utangazaji wa taifa mpaka ipite miaka mitano. Pili, anayependekezwa aitwe mbele ya kamati ya Bunge, ataje uhusiano wake wote, na wananchi wasikie. Hili la pili ndilo tutakalolipigania kwa nguvu zaidi, maana likipita yale mengine yatajileta. Tatu, akipewa mkataba aumalize, na akiondolewa sababu iandikwe. Nne, kila wilaya ipewe saa yake kwa mwezi, na ya Bagamoyo ianze na habari ya viwanja vya bandari.

Tunajua wako watakaosema kwamba twawapa wapinzani silaha. Nao wamekaribishwa kusema hivyo hapa hapa, mbele ya watu. Karatasi ya maombi iko mezani kwa Katibu. Asiyeweza kuandika ataweka dole gumba, na mama zetu wa mwani waliokwisha sema watachelewa kwa sababu ya maji kupwa, karatasi itawangoja mpaka jioni. Maswali tutayapokea baada ya sala ya alasiri.